Bima ya Gari na Dhamiri ya Mkristu

Kuna deni moja ambalo watu wengi hawalihesabu kati ya madeni yao, wala hawalitaji waendapo kuungama. Ndilo deni la mtu aliyeendesha gari pasipo bima halali, akamgonga mwenzake njiani. Twawasikia watu wakilisimulia jambo hilo kana kwamba ubaya wake wote ni kukamatwa na trafiki. Faini ikiisha kulipwa, mtu hupumua, husema yamekwisha. Sisi twasema: kwa upande wa faini huenda yamekwisha, lakini mbele ya Mungu, na mbele ya yule aliyelazwa hospitali na mguu wake umevunjika, mambo ndiyo kwanza yanaanza.

Yafaa tueleze kwanza bima hiyo ni kitu gani, maana wengi huilipa bila kujua wanamlipia nani. Sheria ya Bima ya Magari, ambayo ni Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, inamkataza mtu kuliendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, pasipo bima ya kumlinda mtu wa tatu. Watu huiita bima ndogo. Mwenye bima kubwa hulipwa pia hasara ya gari lake mwenyewe; mwenye bima ndogo halipwi hata bei ya taa iliyovunjika. Ndiyo sababu wengine hunung'unika wakisema kwamba fedha yao inapotea bure. Haipotei. Mtu wa kwanza katika mkataba huo ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule ambaye hakuwapo walipoandikiana. Huyo wa tatu ni mkulima anayesukuma baiskeli yake kando ya lami, mtoto atokaye shule, mama auzaye ndizi penye kituo cha basi. Hajui kama gari lile lina bima au halina. Hawezi kuchagua. Usalama wake umo mikononi mwa mtu asiyemfahamu.

Tena hao ndio wanaoumia zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Wasio na chuma cha kuwazunguka ndio wanaolipa kwa mifupa yao.

Wazo la kuwalazimisha wenye magari wakate bima si la jana. Uingereza ililiweka katika sheria yake ya barabara ya mwaka 1930, na huku kwetu lilianza tangu zama za Tanganyika, kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Gari laweza kuharibu kwa nukta moja kitu ambacho mwenyewe hawezi kukilipa kwa miaka kumi. Basi ikaamriwa kwamba wenye magari wote wachange kidogo kidogo, ili siku mmoja wao atakapokosa, yule aliyeumizwa apate haki yake katika mfuko wa wote. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo, na kwamba kwa kufanya hivyo wataitimiza sheria ya Kristu. Hatusemi kuwa kampuni za bima ni mashirika ya ibada. Zinafanya biashara, nazo zina makosa yake. Lakini mwenye macho ataona kwamba ndani ya karatasi ile mna wajibu ulio wa zamani kuliko karatasi yenyewe.

Ni wa zamani kweli. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, alizungushie dari ukuta mdogo, asije mtu akaanguka kutoka juu, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Katika kitabu cha Kutoka iliagizwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia, mwenye shimo alipe. Ikiwa ng'ombe wa mtu amezoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi anahesabiwa hatia kwa damu ya atakayeuawa. Na katika sura ile ile ya 21 imeagizwa kwamba mtu aliyemjeruhi mwenzake katika ugomvi amlipe kwa siku zote alizoshindwa kufanya kazi, na kumtunza mpaka apone kabisa. Magari hayakuwako siku zile, lakini haki ilikuwako: mwenye kitu cha hatari ndiye awajibikaye kuwalinda wengine na hatari yake.

Kanisa limeendelea kufundisha hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo iliyotolewa mwaka 1965, uliwalaumu wale wanaodharau taratibu za maisha ya jamii, na miongoni mwa taratibu hizo ukazitaja wazi sheria za mwendo wa magari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba anayehatarisha maisha ya watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana hatia kubwa. Na mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia uchungaji wa wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo juu ya barabara, wenye amri kumi za madereva. Humo mna agizo la kuwasaidia jamaa za waliopatwa na ajali, na la kumlinda aliye dhaifu zaidi njiani. Basi asituambie mtu kwamba gari na bima ni mambo ya serikali, na kwamba gazeti la Kanisa lishughulike na rozari tu.

Tuseme fundi mmoja ana gari dogo. Bima yake ilikwisha mwezi uliopita. Anasema moyoni: nitaikata mwisho wa mwezi, safari zangu ni fupi, na askari wa njia hii nawafahamu. Jioni moja, anageuza macho kutazama simu, anamgonga mkulima mwenye baiskeli. Mkulima amevunjika paja. Hospitali wanataka fomu ya polisi ya PF3, kisha picha, kisha upasuaji, kisha vyuma vya kuunganisha mfupa. Nyumbani mahindi yamefika kupaliliwa na hakuna wa kuyapalilia. Mtoto wa kwanza anaacha shule ili auguze. Kama bima ingekuwako, kungekuwa na mfuko wa kudai. Sasa hakuna ila fundi mwenyewe, na fundi anaonyesha mifuko mitupu. Je, ni nani aliyekula ada ya bima ile? Fundi adhani ameokoa fedha yake. Kwa kweli ameiweka hatari yake yote juu ya mgongo wa mkulima, bila kumwomba ruhusa. Hapo ndipo amri ya tano na amri ya saba zinapokutana: kuhatarisha mwili wa jirani, na kumnyima kilicho haki yake.

Visingizio tunavifahamu. Wa kwanza husema: ajali haina kinga. Methali hiyo ni kweli kwa ajali, si kweli kwa njaa inayofuata. Mfupa waweza kuvunjika hata kwa dereva aliye mwangalifu. Lakini watoto wa mgonjwa kukosa chakula, hilo lilikuwa na kinga yake, nawe hukuitaka. Wa pili husema: ni mapenzi ya Mungu. Tujihadhari sana, ndugu zangu, tusimbebeshe Mungu uzembe wetu. Yeye hakuamuru bima yako iishe. Wa tatu ametundika rozari kwenye kioo na kubandika sanamu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri. Amefanya vema. Lakini Mtakatifu Kristofa anasifiwa kwa sababu aliwabeba wengine mabegani akawavusha mto. Hapendi kutumiwa badala ya stika ya bima na mtu asiyetaka kumbeba yeyote. Wa nne husema: sina fedha. Huyu twamhurumia, hasa kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni. Walakini gari na pikipiki vina gharama zake, kama mafuta na matairi. Hakuna aendaye safari bila mafuta akisema hana fedha. Asiyeweza kulipa bima leo, chombo chake kilale leo.

Lakini itakuwaje ikiwa ajali imekwisha kutokea na bima haiko? Hapa ndipo mkristu anapojaribiwa, na twataka kusema wazi.

Kwanza, asimame. Amsaidie aliyeumia, amfikishe hospitali au atafute wa kumfikisha, atoe habari polisi. Ikiwa watu wamekusanyika kwa hasira na anaiogopa roho yake, aende moja kwa moja kwenye kituo cha polisi kilicho karibu, ajitaje, na aombe msaada upelekwe kwa majeruhi. Kukimbia ili usijulikane, ukimwacha mtu kando ya njia, ni kumfuata yule kuhani na yule Mlawi waliopita upande mwingine. Tena ni vibaya zaidi, kwani hao wawili hawakuwa wamempiga yule mtu.

Pili, aseme kweli. Majaribu huja usiku ule ule. Rafiki atamwambia kwamba yuko wakala awezaye kuandika bima yenye tarehe ya jana. Mwingine atashauri kwamba ndugu yake mwenye leseni na gari lenye bima ajitaje kuwa ndiye aliyekuwa njiani. Wa tatu atasema apeleke kitu kidogo kituoni ili faili lipotee. Yote hayo ni uongo, ni ushahidi wa uongo, na rushwa. Aliyekuwa na deni moja sasa ana matatu. Na zaidi ya hayo, kila uongo wa namna hiyo humnyang'anya majeruhi haki yake mara ya pili, kwa sababu haki yake imo ndani ya faili lile.

Tatu, asimwonee mnyonge kwa jina la mapatano. Kumalizana nyumbani si vibaya kwa chenyewe. Wazee wetu walipatanisha watu tangu kale. Lakini kuna mapatano ya haki na mapatano ya hila. Kumwendea mama mwenye shida siku ya pili, mwanawe angali wodini, na kumwekea noti mkononi ili atie dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, hayo si mapatano. Mwenye moyo safi hungoja mganga aseme kuumia kulivyo, huwaita wazee wa pande zote mbili, huandika alichoahidi, na hutimiza.

Nne, alipe. Dawa ya deni ni kulipa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kurudisha haki ya mtu ni jambo la lazima kwa wokovu. Akajiuliza pia itakuwaje kama kilichoondolewa hakiwezi kurudishwa, kwa mfano kiungo cha mwili. Akajibu kwamba hapo mtu na afidie kadiri awezavyo, kwa fedha au kwa heshima, kama mtu mwema atakavyoamua. Mafundisho haya yana faraja na yana ukali. Faraja yake ni kwamba Mungu hamdai mtu asichoweza. Ukali wake ni kwamba anamdai kile awezacho, chote. Asiye na milioni atoe elfu za kila mwezi. Asiye na fedha akalime shamba la mgonjwa, akamletee kuni na maji, akamlipie mtoto daftari. Na siku atakapopata, aongeze. Aliyeungama kwa padre akasamehewa hakufutiwa deni. Toba yake ya kweli ilikuwa na nia ya kulipa ndani yake, na nia hiyo ikiwa ya mdomo tu, maungamo yenyewe yalikuwa ya mdomo. Zakayo hakungoja kuhukumiwa. Alisimama mbele ya Bwana na kutaja malipo mwenyewe, mara nne.

Yatupasa kutofautisha kitu kimoja, ili tusiwatese wenye dhamiri nyofu. Huenda dereva alikwenda polepole na kwa uangalifu, na mtu akaruka mbele yake ghafula. Huyo hana hatia ya kumjeruhi, hata kama moyo wake utaumia daima. Lakini ikiwa hakuwa na bima, bado amevunja sheria ya haki iliyowekwa kwa ajili ya wote, na upendo bado unamdai asimpite aliyelala mbele yake. Yule Msamaria hakuwa amemgusa mtu yeyote. Hata hivyo alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa ziada atakaporudi. Aliweka dhamana kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hakuna mfano mzuri zaidi wa kile bima inachopaswa kuwa.

Twasema neno pia kwa wenye vyombo ambao hawashiki usukani. Sheria haimtaji dereva peke yake; inamtaja na yule anayeruhusu. Tajiri anayempa kijana pikipiki au daladala bila bima, kisha siku ya ajali akasema hamjui, amemtuma mwenzake vitani bila ngao na faida ameila yeye. Vivyo hivyo mwenye bima ya gari la nyumbani, akilipakia abiria wa kulipa, ajue kwamba mkataba wake una masharti, na kwamba kampuni yaweza kuyasoma siku mbaya. Na sisi wa Kanisa tuanzie kwetu. Kwaya ikikodi lori kwenda hija, shule ya parokia ikinunua basi, Wawata au Vijana wakikodi gari la mazishi, mwenyekiti aulize swali la kwanza kabla ya bei: bima iko, na inakwisha lini? Siku hizi hakuna udhuru, kwani bima ya gari yaweza kuhakikiwa kwa simu katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na stika ya bandia ikajulikana palepale.

Nanyi mlioumizwa, tusiwasahau. Kudai haki yenu mbele ya polisi na mahakama si chuki. Mwaweza kumsamehe mtu kwa moyo wote na bado mkadai gharama za hospitali. Lakini msiongeze jeraha lisilokuwapo, wala msitafute utajiri katika mguu wa mtoto. Na yeyote asimpige wala kumchoma moto dereva, hata akiwa na kosa. Kumwaga damu ya pili hakuponyi ya kwanza. Jumuiya ndogo ndogo zina kazi hapa: kumtembelea mgonjwa, kumsindikiza dereva anayeona haya kwenda kuomba radhi, na kuwa mashahidi wa ahadi zao. Mwongozo ule wa mwaka 2007 nao uliwataka watu wawakutanishe aliyekosa na aliyeumizwa, wakati ufaao, ili waonje uhuru wa msamaha. Kazi hiyo haifanywi na kampuni yoyote. Yafanywa na majirani.

Bwana wetu alitufundisha kwamba tukikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yetu ana neno juu yetu, tuiache sadaka yetu pale, tukapatane naye kwanza. Jumapili hii wengi watafika kanisani kwa gari na kwa pikipiki. Kabla ya kuingia, kila mmoja na atazame tarehe ya bima yake. Ikiwa imepita, ajue la kufanya Jumatatu, na arudi nyumbani kwa miguu. Na ikiwa yuko mtu mahali fulani anayechechemea kwa sababu yake, ambaye hajamwona tangu siku ile, aanze kwa kwenda kumpigia hodi.

Mungu Mwenyezi awalinde wasafiri wote, awaponye waliojeruhiwa, awape pumziko la milele waliokufa njiani. Nasi atujalie moyo wa kulipa tunachodaiwa, mchana na kwa hiari, kabla hatujaitwa kutoa hesabu mbele yake.